Kujaribu dawa za utitiri kwenye miche ya kitaluni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye kitalu, bwana shamba au mwanafunzi anayetaka kujua kama dawa fulani inafaa dhidi ya utitiri kwenye miche aliyonayo, na anataka jibu la kuaminika hata kama hana maabara.

Lebo inasema dawa inaua utitiri. Nijaribu nini tena?

Lebo inazungumzia utitiri kwa jumla. Haijui utitiri wa kitaluni kwako umepitia dawa zipi miaka iliyopita, wala miche uliyoinunua kwingine ilikuja na utitiri wa aina gani. Utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, ambao wengi huuita utitiri mwekundu hata unapokuwa na rangi ya kijani-njano, hula zaidi ya aina 1,000 za mimea na umerekodiwa kujenga usugu dhidi ya viambato amilifu, yaani kemikali zenyewe zinazoua ndani ya dawa, zaidi ya 90.

Chanzo cha usugu huo kwa kiasi kikubwa ni uzazi wake. Jike ambaye hajapandwa bado hutaga mayai, na mayai hayo hutoa madume matupu. Dume wa namna hiyo ana nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo jeni ya usugu haiwezi kufunikwa na nakala nyingine dhaifu: aliyenayo anapona dawa, asiyenayo anakufa. Uchujaji unakuwa wa haraka sana. Ongeza joto. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi yai hugeuka mdudu mzima kwa muda wa wiki moja hivi, na kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki mbili. Banda lenye joto linapitisha vizazi vingi kabla hujabadilisha dawa.

Sababu ya pili ni miche yenyewe. Kitalu kina aina nyingi za mimea, majani bado laini, na hakuna lebo inayoweza kutaja kila ua na kila mche wa matunda. Dawa inayoua utitiri vizuri lakini inababua majani haina faida kwa mtu anayeuza mche kwa sura yake.

Nitajuaje kwamba ni utitiri, tena utitiri upi?

Usianze jaribio lolote kabla ya kujibu hili. Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe na kutazama vidoa vinavyotembea kunasaidia, ila kunakamata zaidi utitiri mwekundu. Shika lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, au mara 20 ukiipata, ugeuze jani.

Utitiri mwekundu hukaa upande wa chini wa jani. Jike ana urefu wa karibu nusu milimita na miguu minane, na mtoto aliyetoka kwenye yai ana sita. Upande wa juu wa jani unajaa vidoadoa vya njano au vyeupe, na idadi ikizidi unaona utando.

Utitiri mpana, Polyphagotarsonemus latus, ni mdogo zaidi, kama milimita 0.2, na hautandi utando. Unashambulia ncha changa: majani mapya yanakunjamana, yanakuwa magumu na membamba, mara nyingi upande wake wa chini ukiwa na rangi ya shaba. Watu wengi hudhani ni virusi au dawa ya magugu iliyopeperuka. Kinachoutambulisha ni mayai yake, ambayo yana safu za vinundu vyeupe. Kuna pia utitiri wa jamii ya eriofidi, wenye umbo la mnyoo na miguu minne tu, unaosababisha kutu au vinundu kwenye majani na matunda.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa. Bifenazeti ni dawa nzuri ya utitiri mwekundu, lakini haikusaidii kwenye utitiri mpana. Salfa hufanya kazi nzuri kwa eriofidi wengi. Abamektini inagusa makundi yote matatu. Mtu akinyunyizia bifenazeti kwenye miche yenye utitiri mpana ataandika kwamba dawa ni feki, kumbe adui hakuwa wa dawa hiyo.

Kwa nini niache miche mingine bila dawa? Naona ni kuipoteza tu.

Bila miche hiyo huna jaribio. Una kunyunyizia tu, na hadithi ya kusimulia.

Idadi ya utitiri hupanda na kushuka yenyewe. Mvua ya siku mbili, kumwagilia kwa juu, baridi ya ghafla, wadudu walao utitiri waliofika bila kualikwa, au majani yaliyochakaa kiasi kwamba hayana tena cha kunyonywa, yote hayo yanaweza kuangusha idadi kwa nusu bila tone la dawa. Ukiwa na miche yenye dawa peke yake, utaipa dawa sifa ya kazi iliyofanywa na mvua. Na kinyume chake kipo: wiki ya joto kali idadi inaweza kuongezeka mara kadhaa, na dawa iliyoizuia isipande ikaonekana haijafanya kitu kwa sababu namba ni ile ile ya mwanzo. Ni miche ya kulinganishia pekee inayoonyesha kwamba kubaki pale pale kulikuwa ushindi.

Miche hiyo inyunyiziwe maji, kwa bomba la aina ile ile, shinikizo lile lile na kiasi kile kile. Maji yenye nguvu huangusha utitiri na kuvunja utando, na usiponyunyizia maji utajikuta unapima nguvu ya bomba. Kama dawa inatumiwa na kinatishi, yaani kiongezwa kinachosaidia dawa kushika jani, basi weka kundi jingine la maji yenye kinatishi peke yake. Vinatishi vya silikoni vinaweza kuua utitiri vyenyewe, na matokeo ya namna hiyo yamewahi kusifiwa kama kazi ya dawa.

Weka pia kundi la dawa unayoitumia siku zote. Swali la mwenye kitalu mara nyingi ni kama dawa mpya inaishinda ile iliyoko stoo, wala si kama inashinda maji.

Ninahitaji miche mingapi, na niipangeje?

Marudio manne kwa kila dawa, yaani seti nne za vyungu zinazopewa dawa ile ile kila moja kivyake, ndiyo kiwango cha chini ninachokikubali. Matano au sita ni bora, kwa kuwa utitiri hukaa kwa makundi: chungu kimoja kina mamia, cha jirani hakina hata mmoja. Kila rudio liwe na vyungu vitatu hivi. Ukiwa na makundi manne, yaani dawa mpya mbili, dawa ya kawaida na maji, kwa marudio matano, unahitaji vyungu 60.

Kosa ninaloliona sana kwenye ripoti ni kuhesabu majani 20 ya chungu kimoja na kuyaita marudio 20. Hayo ni majani ya chungu kimoja. Chungu kile kilipata mnyunyizio mmoja na kilikaa mahali pamoja, kwa hiyo hakiwezi kuzidi rudio moja.

Kupanga ni hivi. Hesabu utitiri kabla ya kunyunyizia, kisha panga vyungu kuanzia chenye utitiri mwingi hadi chenye mchache. Vyungu vya juu kabisa viwe bloki ya kwanza, vinavyofuata bloki ya pili, na kuendelea. Ndani ya kila bloki, gawa dawa kwa kura. Kura ya kweli, ya vikaratasi ndani ya kofia, kwa sababu mkono wa mtu akiachiwa achague huwapa dawa anayoipenda miche yenye afya.

Vyungu visigusane. Utitiri hutembea kutoka jani hadi jani na husafiri kwa upepo, na chungu chenye maji tu kikiegemea chenye dawa kinaurudisha utitiri kila siku. Acha nafasi, au weka katikati safu ya miche isiyohesabiwa. Usitumie vyungu vya pembeni mwa meza vilivyo karibu na mlango au njia ya vumbi, kwa kuwa utitiri mwekundu hustawi penye vumbi na ukavu.

Mbolea na maji viwe sawa kwa wote. Nitrojeni nyingi huongeza uzazi wa utitiri, na bloki iliyopata mbolea mara mbili kwa bahati mbaya itaharibu kila kitu.

Nianze utitiri ukiwa kiasi gani?

Mimi hupenda wastani wa kati ya 5 na 20 kwa jani, pamoja na mayai. Chini ya hapo, sifuri zinakuwa nyingi na dawa zote zinaonekana sawa. Juu sana, majani yanachakaa katikati ya jaribio na utitiri unahama hata kwenye miche ya kulinganishia.

Kama miche ni safi, unaweza kuipandikizia: chukua majani ya maharage yenye utitiri, weka jani moja kwenye kila mche, subiri kama wiki moja hadi uone mayai, watoto na wakubwa kwa pamoja. Ukinyunyizia siku ya pili tu, utakuwa umejaribu dawa kwa majike wakubwa peke yao, na dawa zinazolenga mayai zitaonekana hovyo.

Kwenye maeneo yenye msimu wa baridi na siku fupi, ukiona majike wa rangi ya machungwa wasiokula wala kutaga, ahirisha. Hao wamelala, na dawa nyingi hazifanyi kazi kwao kama kawaida.

Nichague dawa zipi za kujaribu?

Zilizosajiliwa nchini mwako, kwanza. Dawa ambayo haijasajiliwa inahitaji kibali cha majaribio kutoka kwa mamlaka inayosimamia viuatilifu, hata kama jaribio ni la vyungu 10. Na kama mtu anakuletea dikofoli kutoka stoo ya zamani, ikatae: iliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm.

Halafu tazama namba ya kundi la utendaji kwenye lebo, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua, zile namba zilizopangwa na IRAC, kamati ya kimataifa inayoshughulikia usugu wa wadudu dhidi ya viuatilifu. Abamektini ni kundi 6. Heksithiazoksi na klofentezini ni 10A, etoksazoli ni 10B. Bifenazeti ni 20D. Fenpiroksimeti, piridabeni na tebufenpiradi zote ni 21A, na spiromesifeni ni 23. Kujaribu piridabeni kwa sababu fenpiroksimeti imeshindwa ni kupoteza muda mara nyingi, kwa kuwa usugu kwa moja huambatana na usugu kwa mwenzake. Majina ya biashara yanapotosha: chupa mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kimoja.

Ingiza pia mafuta ya kilimo au sabuni ya kuulia wadudu. Zinaua kwa kugusa, usugu kwake si rahisi kujengeka, na mara nyingi hushangaza watu kwa matokeo mazuri pale unyunyiziaji unapokuwa makini.

Napimaje dawa kwa maji machache?

Hapa ndipo majaribio madogo huharibikia. Lebo ikisema mililita 50 kwa lita 100 za maji, hiyo ni mililita 0.5 kwa lita, na lita mbili zinahitaji mililita 1. Kifuniko cha chupa hakiwezi kupima hivyo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yake, lililotengwa kwa kazi hiyo tu na kuandikwa hivyo. Kwa dawa za unga tafuta mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Lebo ikitoa kiasi kwa hekta, tafuta pia kiasi cha maji kwa hekta, kisha gawanya. Mililita 400 kwenye lita 1,000 ni mililita 0.4 kwa lita.

Pima maji pia. Maji yenye alkali nyingi huvunja baadhi ya dawa ndani ya tangi, bifenazeti ikiwamo, na maji magumu huishusha nguvu sabuni. Changanya na utumie siku ile ile. Mchanganyiko uliolala usiku kucha usiuingize kwenye jaribio.

Kunyunyizia kwenyewe kuna ufundi gani?

Kama kuna jambo moja la kusisitiza baada ya miche ya kulinganishia, ni hili. Utitiri mwekundu uko chini ya jani, na mwenye bomba yuko juu ya mche. Dawa nyingi za utitiri ni za kugusa, au zinatembea kidogo sana ndani ya mmea. Abamektini hupenya jani kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini hupenya vizuri zaidi kwenye majani machanga, na ile inayobaki juu ya jani huharibiwa na jua haraka. Kwa hiyo hata dawa inayopenya haikusamehei ukinyunyizia ovyo.

Elekeza nozeli juu kutoka chini, zunguka chungu, na simamisha pale majani yanapolowa bila kuchuruzika. Pima kiasi: nyunyizia ndani ya chombo chenye alama kwa sekunde 10, ujue bomba linatoa mililita ngapi, kisha kila chungu kipate sekunde zile zile. Kuna karatasi za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na matone ya maji. Bana chache upande wa chini wa majani na unyunyizie maji matupu siku moja kabla. Wengi wakiziona zimebaki njano huacha kulaumu dawa.

Anza na kundi la maji, ndipo uende kwenye dawa, na suuza bomba, mpira na nozeli mara tatu kati ya dawa na dawa. Fanya asubuhi mapema au jioni, majani yakiwa makavu, bila upepo. Usimwagilie kwa juu siku inayofuata.

Naweza kuchanganya dawa mbili kwenye kundi moja?

Unaweza, mradi kila moja iwe na kundi lake pekee vilevile. Vinginevyo hutajua ipi imefanya kazi.

Nihesabu siku zipi, na nihesabu nini?

Kabla ya kunyunyizia, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 21. Ukiweza, na ya 28.

Siku ya 3 inaonyesha dawa zinazoangusha haraka. Ukiishia hapo utazitupa dawa nzuri. Etoksazoli haiui wakubwa: inaua mayai na watoto, na jike aliyeguswa hutaga mayai yasiyoanguliwa. Heksithiazoksi ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Siku ya tatu, mche wenye etoksazoli una wakubwa wengi wanaotembea kwa raha, na mtu mwenye haraka anaifuta dawa hiyo kwenye orodha. Wiki ya pili, wakubwa wamekufa kwa uzee na hakuna wa kurithi. Upande wa pili kuna dawa zinazosafisha wakubwa ndani ya siku mbili na kuyaacha mayai, kisha siku ya 10 kitalu kimejaa watoto. Jaribio lililofungwa siku ya 5 lingezipa dawa hizo nafasi ya kwanza.

Kwa hiyo hesabu kwa safu tatu: mayai, watoto, wakubwa. Jumla peke yake inaficha habari. Jihadhari na ngozi walizojivua na maganda ya mayai yaliyokwisha kuanguliwa, kwani yote ni meupe na yanadanganya jicho. Mdudu asiyetembea mguse kwa unywele wa brashi ndogo: akisogeza mguu, yu hai.

Kwa utitiri mpana, hesabu kwenye ncha na majani machanga. Usitegemee majani yaliyokunjamana yanyooke, hayatanyooka. Tazama majani yaliyotoka baada ya dawa.

Sina hadubini. Nitahesabuje?

Lenzi ya mara 10, mwanga mzuri, na uvumilivu. Chagua majani kutoka sehemu tatu za mche, chini, katikati na juu, idadi sawa kwa kila chungu, na uamue kabla majani hayo ni yapi ili usivutwe na jani lenye vidoa. Jani kubwa liwekee kipande cha plastiki chenye tundu la sentimita mbili za mraba na uhesabu ndani ya tundu. Ukiyakata majani, yatie kwenye mifuko ndani ya kisanduku cha baridi, maana kwenye joto utitiri unatembea hadi mdomoni mwa mfuko.

Anayehesabu asijue chungu kina dawa gani. Andika namba tu kwenye vyungu, na orodha ibaki kwa mwingine. Mwenye orodha ampe anayehesabu vyungu kwa zamu bila kumwambia, vyenye dawa kwanza na vya maji mwisho, kwa sababu mikono na nguo za anayehesabu ndizo gari la utitiri.

Asilimia ya ufanisi inapatikanaje?

Fomula ya W. S. Abbott ya mwaka 1925 inalinganisha walio hai kwenye dawa na walio hai kwenye maji baada ya kunyunyizia. Inafaa pale idadi za mwanzo zinapofanana. Kwenye kitalu hazifanani, kwa hiyo tumia ya Henderson na Tilton ya mwaka 1955, ambayo kwa kweli ilizaliwa kwenye majaribio ya dawa za utitiri wa ngano. Zidisha idadi ya kwenye dawa baada ya kunyunyizia kwa idadi ya kwenye maji kabla. Gawanya kwa idadi ya kwenye dawa kabla ikizidishwa kwa idadi ya kwenye maji baada. Toa jibu kutoka kwenye 1, zidisha kwa 100.

Tuseme miche yenye dawa ilikuwa na utitiri 20 kwa jani, ikabaki na 4. Miche ya maji ilitoka 18 ikafika 36. Hesabu: 4 × 18 ni 72, 20 × 36 ni 720, 72 kwa 720 ni 0.1. Ufanisi ni asilimia 90, ingawa kwa jicho ungesema 80.

Sasa geuza. Dawa imeshusha idadi kutoka 20 hadi 8, na maji yameshuka kutoka 18 hadi 9. Kwa jicho, dawa imeua asilimia 60. Kwa fomula: 8 × 18 ni 144, 20 × 9 ni 180, jibu ni 0.8, ufanisi asilimia 20. Ndiyo ile mvua tuliyoitaja.

Ukitaka kulinganisha dawa kitakwimu, badilisha hesabu kwanza kuwa logi ya namba jumlisha 1, au tumia modeli inayofaa hesabu zenye makundi, kabla ya uchambuzi wa tofauti (ANOVA), kipimo cha kuona kama wastani za makundi zinatofautiana kweli. Na chora grafu ya kila bloki. Mara nyingi grafu inakuonyesha chungu kimoja kilichoharibu wastani.

Dawa imeshindwa. Ni usugu, au ni unyunyiziaji wangu?

Ondoa unyunyiziaji kwenye hesabu. Kata vipande vya mviringo vya jani safi, vyenye upana wa sentimita mbili au tatu, vichovye kwenye dawa ya kipimo cha lebo kwa sekunde chache, viache vikauke, uvilaze upande wa chini ukitazama juu kwenye pamba iliyolowa ndani ya kisahani. Pamba yenye maji ndiyo ukuta, utitiri hauivuki kirahisi. Weka majike 20 kwa kila kipande kwa brashi, hesabu baada ya saa 48 au 72. Fanya vipande kadhaa vya dawa na vingine vya maji. Kwenye maji wakifa zaidi ya asilimia 20, rudia, kuna kitu hakiko sawa.

Dawa inayoua kwa kugusa wakubwa ikiwaacha wengi hai hapa, ambapo jani lote limelowa, basi shaka ya usugu ni ya kweli. Ikiwaua karibu wote hapa lakini ikashindwa kitaluni, rudi kwenye nozeli. Njia hii haifai kwa etoksazoli na heksithiazoksi, kwa sababu kwake lazima majike yatage kwanza, kisha utazame kama mayai yanaanguliwa.

Nitajuaje dawa haitaunguza miche?

Nyunyizia miche michache ya kila aina, subiri siku 7 hadi 10, tazama kingo za majani, ncha na maua. Toa alama kutoka 0 hadi 10 na upige picha karibu na mche wa maji. Rudia mnyunyizio wa pili, maana mafuta na sabuni huunguza kwa kujilimbikiza. Salfa ni hatari joto likikaribia nyuzi 32, na isikutane na mafuta ndani ya wiki mbili. Mche wenye kiu huungua kuliko ulionyweshwa.

Nilinyunyizia dawa ya wadudu wengine, utitiri ukalipuka. Kwa nini?

Dawa za jamii ya pairethroidi huua wale wanaokula utitiri, na utitiri wenyewe unabaki. Imidaklopridi nayo imeonekana kwenye mimea kadhaa kuongeza utagaji. Kwa hiyo andika kila dawa iliyopita kwenye miche kwa wiki kadhaa kabla ya jaribio, ya ukungu pia. Miche yenye historia tofauti isichanganywe kwenye bloki moja.

Natumia utitiri mwindaji. Jaribio linabadilika?

Linapata safu nyingine ya kuhesabu. Phytoseiulus persimilis, utitiri unaokula utitiri mwekundu, ni mwekundu wa machungwa, anakimbia kuliko utitiri wa kawaida, na mayai yake ni ya mviringo mrefu na makubwa zaidi. Dawa iliyoua asilimia 85 ya utitiri na kumwacha mwindaji hai inaweza kuishinda ya asilimia 97 iliyomuua, na hilo linaonekana siku ya 21, si siku ya 3.

Jaribio moja linatosha?

Kwa uamuzi wa kitalu chako msimu huu, ndiyo. Kwa kuwashauri wengine, hapana. Rudia katika msimu mwingine, na kwenye aina nyingine ya mmea.

Usalama je, kwa jaribio dogo hivi?

Udogo wa jaribio haupunguzi ukali wa dawa iliyomo kwenye chupa, na kupima kwa bomba la sindano kunakuweka karibu zaidi na dawa isiyochanganywa na maji kuliko kazi yoyote nyingine. Glavu, miwani, barakoa inayotajwa na lebo, ovaroli, gambuti. Weka kibao mlangoni chenye saa ya kuruhusiwa kuingia tena. Anayehesabu siku ya 3 naye avae glavu.

Miche ikishatumika niifanye nini?

Iliyopewa dawa zilizosajiliwa kwa mmea huo, kwa kipimo cha lebo, inaweza kuuzwa baada ya muda uliowekwa kupita, kama haina utitiri. Iliyopewa dawa yenye kibali cha majaribio pekee, au kipimo kilichozidi lebo, iteketezwe kama kibali kinavyoagiza. Isiuzwe wala kugawiwa, hasa ikiwa ni miche ya kuliwa. Ile ya maji, ambayo kufikia siku ya 28 imejaa utando, ifungwe kwenye mifuko hapo hapo mezani kabla ya kuibeba kupita kwenye miche mingine.